Taji la Roho Mtakatifu Ugenini

Mazungumzo ya Jumapili ya Pentekoste



Wapendwa wasikilizaji, ndugu zetu waamini, na hasa ninyi makatekista ambao twajua kwamba hutusikiliza mkiwa na daftari mkononi, leo Mama Kanisa anaadhimisha sherehe ya Pentekoste. Katika somo la kwanza, lililotoka katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, tumesikia habari za upepo na ndimi za moto. Wahubiri wengi, nasi tukiwamo, huukazia macho moto ule. Leo twaomba tuwatazame kidogo wale waliokuwa wamesimama nje ya nyumba. Mwinjili Luka amejitaabisha kuwataja kwa makabila yao na nchi zao: Waparthi na Wamedi, watu wa Mesopotamia na wa Misri, wageni watokao Roma, Wakrete na Waarabu. Hao walikuwa watu waliosafiri. Wengine walikuja kuhiji, wengine walikuwa wamekwisha kuhamia Yerusalemu, na nyumbani mwao walizungumza lugha ambayo jirani hakuielewa. Kanisa lilizaliwa mbele ya macho ya wageni, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake kila mgeni alilisikia katika lugha ya mama yake.

Kwa sababu hiyo tumechagua kuwasimulieni leo habari za watu ambao Pentekoste ndiyo sikukuu yao kubwa, nao waliibeba wakavuka nayo bahari walipohama kwao. Watu hao ni Wareno wa visiwa vya Azores.

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuwasikia Wareno wakisifiwa katika kipindi hiki. Sisi wa Afrika Mashariki twawakumbuka kwa namna nyingine. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Mwaka 1631 Wakristo wengi, Waafrika na Wareno pamoja, waliuawa katika mji huo. Na mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Katika muda huo wote walikuwa na mapadre na makanisa, nao walifanya sikukuu zao. Kimebaki nini? Yamebaki maneno: meza, leso, mvinyo, bendera, karata. Na liko neno moja ambalo lastahili tulifikirie. Wataalamu wa lugha hutuambia kwamba neno gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Jina la nyumba ya sala, lilipofika vinywani mwa wazee wetu, liligeuka likawa jina la mahali pa kufungia watu.

Hatulitaji jambo hili ili kuwasuta waliokwisha kufa. Twalitaja kwa kuwa latupatia kipimo. Wareno wa ngome walikuja na mizinga, wakaondoka pasipo kutuachia sikukuu hata moja. Wareno tutakaowasimulia leo walikwenda ng'ambo wakiwa mafukara, hawakuijua lugha ya huko, walitafuta kazi ya mikono. Nao wamesimika sikukuu ambazo wajukuu wa wajukuu wao wangali wanazifanya. Basi, walifanyaje?

Visiwa vya Azores ni tisa, viko katikati ya Bahari ya Atlantiki, yapata kilometa 1,500 magharibi ya Lisbon. Ni nchi ya milima ya moto na matetemeko. Mashamba ni madogo, familia ni kubwa, na bahari imezunguka pande zote. Watu wa mahali kama hapo hujifunza kuweka nadhiri. Ardhi ilipotetemeka, au moto uliposhuka mlimani kuelekea kijijini, walimlilia Roho Mtakatifu, wakaahidi kwamba wakiokoka watawalisha maskini. Walipookoka, waliwalisha.

Desturi yenyewe walitoka nayo Ureno bara. Mapokeo husema kwamba aliyeianzisha ni Mtakatifu Isabela, malkia, mke wa Mfalme Dinis, aliyezaliwa mwaka 1271 na kufariki mwaka 1336, na ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1625. Yasimuliwa kwamba katika mji wa Alenquer malkia huyo aliwaita maskini siku ya Pentekoste, akawapa chakula, na taji la kifalme likawekwa juu ya kichwa cha mmoja wao. Hebu tafakarini, ndugu: malkia amesimama, na fukara amevikwa taji. Bikira Maria katika utenzi wake alikwisha kuimba kwamba Mungu huwakweza wanyonge. Huko Alenquer watu waliliona jambo hilo kwa macho yao.

Katika visiwa vya Azores desturi hiyo ilipata mizizi kuliko mahali pengine popote. Kila kijiji kina udugu wa Roho Mtakatifu. Kila udugu una taji la fedha lenye sanamu ya njiwa juu yake, fimbo ya kifalme, na bendera nyekundu yenye njiwa. Baada ya Pasaka hupigwa kura, na majina saba hutoka. Taji hukaa juma moja katika nyumba ya kila mmoja wa hao saba, mpaka Pentekoste ifike. Katika nyumba hiyo, sebuleni, watu wa nyumbani hutengeneza altare ndogo kwa vitambaa vyeupe, maua na mishumaa. Kila jioni majirani huja kusali Rozari mbele ya taji. Halafu hupewa cho chote kilichopo. Jumapili taji hupelekwa kanisani kwa maandamano, na baada ya Misa padre huliweka juu ya kichwa cha aliyechaguliwa, mara nyingi mtoto. Siku yenyewe ya Pentekoste ng'ombe huchinjwa, mkate huokwa, na supu hupikwa katika masufuria makubwa: nyama iliyochemshwa mpaka ikalainika, kabichi, mdalasini na viungo vingine, na mchuzi wake humwagwa juu ya vipande vya mkate vilivyotandazwa majani ya mnanaa. Kila ajaye hula. Haulizwi jina wala dini. Wala halipi.

Makatekista, hebu liwekeni jambo hili katika madaftari yenu: chakula hicho hakiuzwi. Tutalirudia baadaye.

Sasa njaa ya visiwani iliwafukuza watu. Katika karne ya 19 meli za Marekani zilizowinda nyangumi, ambazo nyingi zilitoka bandari ya New Bedford, zilitia nanga kwenye visiwa hivyo kuchukua maji, chakula na mabaharia. Vijana waliondoka nazo. Wengine walishuka New Bedford na Fall River wakaingia katika viwanda vya nguo. Wengine walifika California wakati wa dhahabu, na dhahabu ilipokwisha wakashika kazi wanayoifahamu, kukamua ng'ombe na kulima, hasa katika bonde la mto San Joaquin. Wengine wakavua jodari kule San Diego. Na tangu mwaka 1878 wengine, kutoka Madeira kwanza, kisha Azores, walichukuliwa kwa mikataba mpaka Hawaii kulima miwa.

Mtu aliyehama huchukua vitu vichache. Twajua jinsi ilivyo. Mwaka wa kwanza hufikiri kwamba atarudi. Mwaka wa tatu huoa, au humwita mkewe. Mwaka wa tano mtoto huanza shule, na jioni anaporudi hujibu kwa lugha ya kigeni alipoulizwa kwa lugha ya nyumbani. Hapo ndipo mzazi hushtuka. Kanisa lipo, naam, lakini mahubiri ni ya Kiingereza, nyimbo ni za watu wengine, na mgeni huketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Imani yake haijapotea, lakini haina mahali pa kukaa. Nasi twaamini kwamba familia nyingi hupoteza dini kwa njia hiyo bila kugombana na mtu na bila kukana jambo lo lote.

Watu wa Azores hawakungoja kupewa mahali. Walianza na taji. Familia chache za kisiwa kimoja zilikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, zikachanga, zikapata taji, mara nyingi kwa kuliagiza visiwani. Halikuhitaji jengo, kwa maana taji hilo tangu awali lilizoea kukaa katika nyumba za watu. Chumba cha mkamuaji wa ng'ombe chenye altare ya vitambaa kilitosha. Hata padre aliyejua Kireno hakuhitajika ili kuanza, ingawa walimtafuta kwa bidii na kufurahi walipompata. Rozari waliijua. Supu waliijua. Akina mama walijua nani amejifungua, nani hana kazi, nani amefiwa. Na taji lilipopita nyumba hadi nyumba kwa majuma saba, habari hizo zilipita pamoja nalo.

Baada ya hapo yalifuata mengine. Udugu uliandikishwa kiserikali, kiwanja kikanunuliwa, kikanisa kidogo kikajengwa kwa ajili ya taji, na kando yake jiko na ukumbi wenye meza ndefu. Bendi ya matarumbeta iliundwa, kwa sababu Mreno hawezi kuandamana bila bendi. Huko Kula, juu ya mlima katika kisiwa cha Maui, wakulima Wareno walijenga katika miaka ya 1890 kanisa la Roho Mtakatifu lenye pembe nane, nalo lingalipo. Kule San Diego wavuvi walianza sikukuu yao mwaka 1910, na mwaka 1922 wakajenga kikanisa mfano wa vile vya visiwani. Katika mji wa San José parokia ya Wareno ilianzishwa mwaka 1914, na kwa kuwa haikuwa na kanisa, Misa ziliadhimishwa katika kikanisa cha udugu wa Roho Mtakatifu. Kanisa lao kubwa la Madonda Matano, lililojengwa kwa sehemu kwa mbao za banda la Ureno katika maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, lilitabarukiwa mwaka 1919. Waamini wapendwa, mmesikia mpango wake? Nyumba ilitangulia, ukafuata udugu, kisha jiko, na kanisa kubwa likaja mwishoni. Sisi mara nyingi huanzia mwisho, yaani huanza na ramani ya jengo.

Walioondoka kisiwa cha Madeira nao walifanya vivyo hivyo kwa namna yao. Mwaka 1915, huko New Bedford, wanaume wanne kutoka Madeira walianzisha sikukuu ya Sakramenti Takatifu kama ile ya kijijini kwao. Husimuliwa kwamba walikuwa wameponea chupuchupu baharini wakaweka nadhiri. Sikukuu hiyo hufanyika mwanzoni mwa Agosti. Na katika mji mdogo wa Gustine, California, wafuga ng'ombe kutoka kisiwa cha Terceira walianza mwaka 1936 kumheshimu Bikira Maria Mama wa Miujiza, kama afanyiwavyo katika kijiji cha Serreta. Kila Septemba mji huo wa watu wachache huwajaza wageni barabara zake.

Fedha zilitoka wapi? Swali hili twajua litaulizwa na wajumbe wa kamati za parokia. Zilitoka katika nadhiri na katika minada. Mfugaji ambaye mwanawe alipona alitoa ndama. Mama aliyeomba jambo akalipata alioka mikate mitamu mikubwa, nayo ikanadiwa baada ya Misa; na mnunuzi aliyeshinda mara nyingi aliirudisha ili inadiwe tena. Mmoja alitoa ng'ombe, mwingine viungo, mwingine siku mbili za kazi jikoni usiku kucha akichochea moto. Mwenye kitu alitoa kitu na asiye na kitu alitoa mikono, wala haikuwapo orodha ya kusomwa mbele ya watu ili walionyimwa na maisha waone haya.

Lakini tusiwapake watu hawa rangi ya malaika. Taabu zilikuwapo, na baadhi zingalipo.

Taabu ya kwanza ilikuwa kati ya udugu na mapadre. Udugu wa Roho Mtakatifu ni wa walei; ndio wenye taji, fedha na ufunguo wa ukumbi. Hata huko visiwani maaskofu kwa vipindi mbalimbali waliutazama kwa mashaka, wakaonya juu ya karamu na ngoma kuliko sala. Hatuwezi kusema kwamba walikosea kabisa. Sikukuu isiyo na Misa huwa tamasha tu, na tumeona kwetu pia somo wa parokia akisherehekewa na watu ambao hawakumbuki jina lake. Hata hivyo twapaswa kukiri kwamba pasipo walei wale, ambao walishika Rozari jioni baada ya kukamua ng'ombe mara mbili kwa siku, padre alipofika asingemkuta mtu wa kumhubiria.

Taabu ya pili ilikuwa ya fahari. Katika California desturi ya kumvika fukara taji iligeuka polepole. Alichaguliwa msichana awe malkia, kwa kumkumbuka Mtakatifu Isabela, naye huandamana na wasichana wenzake. Hilo halina ubaya. Lakini joho la malkia likawa refu mwaka hadi mwaka, la mahameli, lililotariziwa nyuzi za dhahabu na kupambwa kwa shanga, likivutwa nyuma yake mita kadhaa, na gharama yake ikawa mzigo kwa wazazi. Mtakatifu Isabela mwenyewe, alipofiwa na mumewe, alivaa mavazi ya watawa maskini huko Coimbra. Tukiyaweka mavazi hayo mawili pamoja, joho na kanzu ya mtawa, tutaona umbali ambao sikukuu inaweza kusafiri bila watu wake kutambua. Wapo wazee wenye hekima katika udugu mwingine ambao wameweka mpaka wa gharama, au huliazima joho la zamani likavaliwa tena. Twawapongeza.

Taabu ya tatu ilikuwa kati ya Wareno kwa Wareno, nayo ndiyo inayotugusa zaidi. Sheria za Marekani za mwaka 1917 na mwaka 1924 zilifunga mlango, na kwa zaidi ya miaka 30 wahamiaji wapya walikuwa wachache mno. Watoto wa wahamiaji wa kwanza wakawa Wamarekani. Sikukuu iliendelea, lakini Kireno kilipungua. Kisha, tarehe 27 Septemba 1957, volkano ya Capelinhos ililipuka kwenye kisiwa cha Faial. Ilitapika majivu kwa miezi kumi na mitatu, nyumba na mashamba vikafunikwa. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapokea wakimbizi wa Azores. Miongoni mwa maseneta walioitetea alikuwamo John F. Kennedy, ambaye jimbo lake la Massachusetts lilijaa Wareno. Mwaka 1965 sheria nyingine ilifungua mlango zaidi.

Wageni hao walipofika walizikuta sikukuu zimekwisha kusimama. Taji walilijua, supu waliijua, lakini yule malkia mwenye joho refu hawakumjua kabisa. Hotuba zilitolewa kwa Kiingereza. Wenyeji wa ukumbi waliwaona wageni kuwa washamba. Wageni waliwaona wenyeji kuwa Wareno wa nusu. Nani alistahili kushika sufuria? Nani angeomba Rozari, na kwa lugha ipi? Mahali pengine waligawanyika, wakaanzisha udugu mwingine mtaa wa pili. Mahali pengine walivumiliana. Na kilichowapatanisha zaidi, kwa kadiri tuonavyo, ni kule jikoni. Sufuria la supu ya watu elfu halipikwi na kikundi kimoja. Mwanamke aliyetoka Faial na mwanamke aliyezaliwa California walikata kabichi pamoja, mmoja akizungumza Kireno na mwenzake akijibu Kiingereza, na kabichi ikakatika.

Siku hizi wajukuu wengi hawajui Kireno kuliko salamu. Lakini mtoto wa miaka minane aliyevikwa taji lile la fedha, zito kuliko alivyodhania, hawezi kulisahau. Kijana wa miaka kumi na mitano amekwisha kubeba mabakuli. Anajua kwamba mnanaa huwekwa juu ya mkate kabla ya kumwaga mchuzi, na kwamba wazee huhudumiwa kwanza. Katekesi hiyo ameipata mikononi kabla hajaipata katika kitabu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia mikusanyiko duniani, maandamano mengi yalifutwa. Lakini katika sehemu kadhaa za California watu wa udugu waliwasha majiko yao vilevile, wakawagawia watu supu magarini mwao.

Tulisema tutarudi kwenye chakula kisichouzwa. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ilipo siri ya kuwa sikukuu hii ilishika mizizi ugenini. Wahamiaji wengi hufanya karamu za kwao. Hufunga mlango, hupika vyakula vya nyumbani, hulia kidogo, huimba, kisha hutawanyika. Jambo hilo ni jema, ila hufa pamoja na wale walioanza. Sikukuu ya Roho Mtakatifu kwa kanuni yake yenyewe haiwezi kufungiwa mlango. Nadhiri ni kulisha ajaye. Mwitalia jirani alikuja, Mfilipino alikuja, mzee wa Kiairandi asiyejua neno moja la Kireno alikuja, wakala bure. Mgeni mwenyewe akawa mwenyeji wa wengine. Nani atamwita mhamiaji mtu anayewalisha watu wa mji mzima?

Leo swali hilo limewarudia wao. Katika bonde la San Joaquin wajukuu wa wakamuaji wamekuwa wenye ng'ombe. Wanaokamua siku hizi ni wengi wao watu wa Meksiko, ambao nao wamefika hawajui lugha, na wanaye Mama yao wa Guadalupe. Je, huketi katika meza zile ndefu, au husimama nje wakiangalia farasi na bendi? Mahali pengine huketi, na watoto wao huandamana. Kila udugu hujibu mwenyewe, mwaka kwa mwaka, na Bwana wetu, aliyesema kwamba amelishwa au hakulishwa pale alipolishwa au kutolishwa mdogo wa wote, husikia jibu lake.

Sasa ninyi makatekista wa miji yetu. Katika mitaa mipya ya pembezoni, familia huhamia kutoka kila mkoa. Huchukua mwaka, au miaka miwili, kabla ya mtu kujua mgeni aliyepanga chumba cha tatu ni Mkristo. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, wametuhimiza tujenge jumuiya ndogo ndogo, zinazokutana katika nyumba za watu. Tunazo. Lakini tujiulize kwa unyofu: jumuiya hukutana katika nyumba zipi? Je, haizunguki tu katika zile zenye viti vya kutosha? Taji la watu wa Azores hupelekwa kwa kura, na kura haichagui nyumba yenye viti. Ikimwangukia mjane mwenye chumba kimoja, taji hukaa kwake juma zima, na majirani husali wakiwa wamesimama uani. Twawasihi mjaribu jambo moja tu kabla ya Adventi. Andikeni majina ya familia zote za jumuiya, pamoja na zile ambazo hazijaonekana tangu Pasaka, na zile zilizohamia juzi. Mpigeni kura. Sala ya juma hilo ifanyike pale kura itakapoangukia, msalaba wa jumuiya ulale huko mpaka juma lijalo, na atakayekuwa na unga alete unga.

Kwa wale mnaosimamia mafundisho ya Kipaimara: msiwaeleze watoto vipaji saba vya Roho Mtakatifu ubaoni peke yake. Wapeni sufuria na watu wa kuwalisha. Sikukuu ya somo wa parokia iko karibu katika parokia nyingi. Wao wawe wahudumu wa meza, na mlango wa ua uwe wazi.

Jumapili ijayo ni sherehe ya Utatu Mtakatifu. Katika vijiji vingi vya Azores, na katika sehemu kadhaa za Marekani, taji hutoka tena siku hiyo, na supu hupikwa mara ya pili kwa ajili ya wale ambao Pentekoste iliwakuta kazini au njiani. Nasi tutakutana tena saa hii hii, tukizungumza juu ya jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu ambalo kwalo tumebatizwa. Tumsifu Yesu Kristo.